Kipindi cha Tatu

Jiwe lilikuja Moshi kwa treni
ndani ya soksi ya Shemhilu, fundi wa breki,
aliyeliokota Tanga maji yalipokupwa
akamlipa baba deni la debe la mahindi.
Baba alisema deni limekwisha, na chenji imebaki.

Lilikuwa jepesi kuliko lilivyoonekana.
Matundu matupu, kama mkate uliochacha,
na ukiligeuza juani unaona kijikombe,
nusu mnyama, nusu jiwe.
Nililiramba. Nilikuwa na miaka saba.
Lilikuwa na chumvi bado, au nilitaka iwe nayo.

Mawe yetu sisi ni ya moto:
meusi, mazito, yanachomoza shambani kila masika
hata pale tulipoyang'oa mwaka jana.
Mama aliyapanga matatu akapikia.
Lile lililozaliwa na viumbe wa majini
lilikaa mezani kwetu, Majengo,
likizuia madaftari ya darasa la sita yasipeperuke.

Kipindi cha tatu, Jiografia.
Mwalimu Aminieli (shuleni sikuruhusiwa kumwita baba)
anachora genge, anachora wimbi,
mistari mitatu iliyopinda kama nyusi.
Wimbi hupiga, hurudi, hupiga.
Halina haraka, maana halina pengine pa kwenda.
Kwanza pango. Pango likitoboka ni tao.
Tao likivunjika mgongo, inabaki nguzo.
Nguzo ikiliwa, kinabaki kisiki,
na kisiki mtakiona maji yakipwa tu.
Tukaitikia, pango, tao, nguzo, kisiki,
watoto arobaini na wanane
ambao maji makubwa tuliyowahi kuyaona
ni ya chemchemi ya Njoro.
Na yeye vilevile.
Hilo sikulijua hadi nilipoolewa.

Jana nimerudi na basi la usiku.
Semina ya wakaguzi wa mizani, Tanga, siku nne;
ya tatu nikatoroka, viatu mkononi.
Sasa nimekaa naye mezani, kipupwe kimefunga dirisha,
chai yake inapoa, na namwambia:
Baba, ulikosea.
Hayapo kama ulivyochora.
Bahari imeyala miguuni,
yamesimama kama uyoga, kichwa kizito, shingo nyembamba,
vichaka juu, kaa chini,
na kingo zake zingekuchana kiganja.
Tao sikuliona hata moja.
Wala wimbi halikupiga siku ile.
Lilikuwa linaramba,
taratibu, kama mtoto aliyekatazwa.
Niliingia chini ya jiwe moja nikainama,
pakanuka chaza, maji yakanidondokea shingoni,
wapita njia wakanicheka: mama mzima kwenye kwapa la mwamba.

Hajibu.
Siku hizi jina la mkwewe limemtoka,
hajui kama amekula,
na kila Jumamosi anamuulizia Shemhilu
tuliyemzika miaka kumi na minne iliyopita.
Meno yamebaki mawili, yote ya chini.
Aikande, dada yangu, ananikonyeza: muache, anachoka.

Kisha, kwa sauti ile iliyofika hadi dawati la nyuma:
"Umeona mwenyewe, au umesoma?"

Nimeona.

"Shingo unene gani?"

Nanyoosha mikono, naikunja kidogo.
Miye kazi yangu ni vipimo, na sina uhakika.
Kama pipa, nasema. Pipa la maji.

"Na bado limesimama."

Bado.

Analichukua jiwe, analipima kiganjani,
analisogeza pembeni lisilowe.
Halafu anaifuta meza kwa mkono wa sweta,
juu hadi chini, juu hadi chini,
chai, makombo, vidonge vya asubuhi,
hadi kitambaa cha plastiki kinang'aa.

"Haya," anasema. "Chora."